Nyumba Hufia Paani

Wapwa zangu,

Nimesikia nyumba ya mama yenu ya Kiponda imepata mnunuzi, na kwamba mazungumzo yenu ya simu ya wiki iliyopita yaliishia kwa kununiana. Mkubwa wenu aliyeko Muscat anataka iuzwe, kila mmoja achukue fungu lake kwa faraidhi. Wewe wa Fuoni unataka ndani ivunjwevunjwe, ijengwe upya kwa saruji, vitoke vyumba vya wageni. Kitinda mimba analia tu, hataki liguswe hata komeo la mlango. Siwalaumu kwa kutoniita. Nyumba ni yenu. Lakini mimi na mama yenu ni tumbo moja, na miaka hamsini ya umri wangu nimeimaliza nikipiga lipu na kubadilisha boriti katika Mji Mkongwe. Nipeni sikio kabla hamjatia saini mahali.

Nitaanza na paa, maana katika maneno yote niliyohadithiwa hakuna aliyelitaja.

Nyumba zetu za mawe haziuawi na uzee. Ukuta wa matumbawe na chokaa, wenye unene wa nusu mita au zaidi, husimama karne na karne mradi kichwa chake kikavu. Kinachouua ni maji. Bati likitoboka, au mlizamu ukiziba, maji hayashuki sebuleni mkayaona mkaweka ndoo. Hushuka ndani ya ukuta, polepole, yakaifuata ncha ya boriti pale ilipozama kwenye mawe. Boriti ya mkoko ni ngumu, lakini ukiiweka unyevuni mwaka baada ya mwaka huoza kuanzia kichwani, mahali ambapo jicho halifiki. Watu chini wanakunywa kahawa wakiitazama dari iliyopakwa chokaa nyeupe, wanaona nyumba nzima. Siku moja ya masika sakafu ya juu inashuka yote, na mtaa mzima unasema nyumba imeanguka ghafla. Nimefukua vifusi vingi katika kazi yangu. Sijakuta hata nyumba moja iliyoanguka ghafla.

Itazameni Beit al-Ajaib, jumba lile la Forodhani. Sayyid Barghash aliijenga 1883, na nguzo zake za chuma, na roshani zilizoizunguka. Mizinga ya Waingereza ya Agosti 1896 iliiangusha Beit al-Hukm iliyokuwa ubavuni mwake, yenyewe ikabaki imesimama. Halafu ikaachiwa mvua na upepo wa bahari. Mwaka 2012 kona ya roshani ikaporomoka. Tarehe 25 Desemba 2020, mafundi wakiwa ndani wanaitengeneza, sehemu kubwa ya jumba ikaanguka na watu wawili wakafa. Nilikwenda Forodhani kesho yake, nikasimama na wazee wenzangu, hakuna aliyekuwa na neno. Mimi nilikuwa nawafikiria wale wawili. Walikuwa mafundi kama mimi, wameitwa kufanya kazi iliyopaswa kufanywa miaka mingi kabla yao.

Mwezi uliopita nilikwenda kwenu na kijana ninayemfundisha kazi. Nilimshikia ngazi, yeye akatoka nje juu ya paa. Mabati mawili ya upande wa kaskazini yameliwa na kutu. Mlizamu wa upande wa kichochoro umezibwa na kiota cha kunguru. Chumba cha mwisho cha juu, alichokuwa akilala bibi yenu, kina boriti tatu ambazo ukizichoma msumari unaingia kama kwenye muhogo uliochemka. Ni tatu tu. Zilizobaki ukizigonga zinalia vizuri. Hiyo ndiyo hali ya nyumba mnayoigombania: mabati mawili, kiota kimoja, boriti tatu. Masika mawili yakipita juu yake hivyo hivyo, itakuwa hesabu nyingine, na mnunuzi wenu analijua hilo. Ndiyo maana hana haraka.

Sasa nikuambieni kwa nini hakuna aliyekiondoa kiota kile. Kila mmoja wenu anajua kwamba akitoa pesa yake, inawatengenezea na wenzake. Mimi hili nimelikulia. Baada ya 1964 nyumba nyingi za Mji Mkongwe zilitaifishwa, wenyewe wengine wamekimbia, zikagawiwa watu, familia moja chumba hiki na nyingine chumba kile. Kodi ilikuwa ndogo, na wengine hawakulipa kabisa. Kila mama alikipiga deki chumba chake kikang'aa, lakini paa halikuwa chumba cha mtu. Nilikuwa kijana, nikiitwa kuja kuweka mhimili wa mti chini ya dari iliyolegea, nikiuliza mwenye nyumba ni nani, watu wanatazamana. Nyumba ziliporomoka kwa namna hiyo hata ikabidi mwaka 1985 iundwe Mamlaka ya kuuhifadhi mji, na baadaye kukawa na sheria na mpango mkuu wa 1994. Warithi leo mnaifanya kwa khiari yenu kazi ile ile iliyofanywa na mkasa wa siku zile.

Basi kabla ya kugawana, na kabla ya kuuza au kutouza, lipeni paa fungu lake. Duka la chini lina mpangaji, na kodi yake mnaigawa kila mwezi vipande vidogo ambavyo havimtoshi mtu hata nauli ya boti ya Dar es Salaam. Mwaka huu msiigawe. Iwekwe mahali pamoja, aishike yule mnayemwamini katika hesabu, kazi yake iwe paa na mlizamu peke yake. Mwenye nyumba wa zamani alikuwa na desturi hiyo, na waliotoa nyumba zao wakfu walijua kwamba matengenezo hutangulia kabla mlengwa wa wakfu hajala kitu.

Wewe wa Fuoni, najua umeshachoka kuambiwa kwamba vijana mnapenda kubomoa. Mimi sikuambii hivyo. Nilibeba zege Michenzani, huko Ng'ambo. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, ghorofa zile ndefu zinapanda kwa ramani za Wajerumani wa Mashariki, na nilipoona mifereji inatoa maji ghorofa ya nne nililia kwa furaha, kwa sababu mama yangu alichota maji ya bomba la mtaani maisha yake yote. Vyoo vya ndani, taa, mlango unaofungwa: hivyo ni vitu vya kuheshimika, na mtu asiyewahi kuvikosa asivisemee vibaya. Lakini pale zilipopita njia zile pana palikuwa na nyumba ya udongo na makuti ya bibi yangu, na nyumba za majirani zake. Udongo sikuujutia. Nilijuta kwamba wale wanawake saba waliokuwa wakipeana chumvi na moto kwa miaka thelathini walitawanyika, mmoja huku mmoja kule, na bibi yangu hakupata jirani tena mpaka anaingia kaburini. Miaka ya karibuni walipokuja watu wa mipango miji na kazi yao ya Ng'ambo Tuitakayo, wakawa wanawauliza wakazi ni mahali gani wanapathamini, nilifurahi kwamba swali hilo hatimaye limeulizwa. Lingeulizwa kabla ya tingatinga.

Majirani kutawanyika ndilo jambo ninaloliogopea Kiponda kuliko hata boriti. UNESCO waliuingiza Mji Mkongwe katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, na tangu hapo wengi wanadhani urithi ni milango na roshani. Nyumba ikigeuzwa ya wageni, hata ikitengenezwa kwa adabu zote, taa yake ya usiku si ya mtu wa mtaa. Ikiwa moja kati ya kumi, mtaa unaibeba, na mpangaji wa duka anafaidika. Zikiwa saba kati ya kumi, safu ya alfajiri msikitini inapungua, muuza mikate ya kumimina anahama, na baraza inakaliwa na watu wanaosubiri kupelekwa mahali. Nimeziona njia za Shangani zikinyamaza hivyo moja moja. Pale Mambo Msiige, jumba la karne ya 19, hoteli ilipoungwa na jengo jipya upande wa bahari, Kamati ya Urithi wa Dunia ililalamikia ukubwa wake, kwa sababu uso wa mji kutoka baharini ni wa kila aliyezaliwa hapa, si wa mwenye kiwanja.

Turudi kwenye saruji. Rafiki yako mkandarasi anataka kukwangua lipu yote ya chokaa na kupiga saruji, ati idumu. Niliwahi kuifanya kazi hiyo mimi, Mkunazini, mwaka 1978, nikajisifu. Ukuta wa matumbawe huvuta unyevu kutoka ardhini na chumvi yake, kisha huutoa nje kupitia chokaa, ndivyo unavyopumua. Saruji iliuziba pumzi. Masika ya nne lipu yangu ilitoka kama ganda la jeraha, imekamatana na uso wa mawe. Mwenye nyumba hakunidai, lakini mimi nilirudi miaka miwili baadaye nikamrekebishia bila ujira, na kuanzia siku hiyo sijatia saruji kwenye ukuta wa mawe.

Na huo mpango wa kuondoa ukuta wa kati ili vyumba viwe vikubwa, uache. Vyumba vyetu ni vyembamba, mita tatu au chini yake, kwa sababu ndio urefu wa boriti ya mkoko. Ule ukuta unaouona unakubania nafasi ni bega la boriti za pande mbili. Ukiuondoa, sakafu mbili zinabaki hazina pa kulala. Unataka chumba kikubwa? Urefu upo, tumia urefu.

Mapya ya kutia ni mengi, nayatia mwenyewe kila siku. Nyaya za umeme zibadilishwe zote, zile za zamani zinanitisha kuliko mvua. Bafu la pili litatosha pale penye ghala la nyuma, ukutani kuna nafasi ya bomba. Kiyoyozi weka, ila maji yake yasidondokee ukutani. Nimeona ukuta ulioliwa na kiyoyozi kimoja kwa miaka mitano. Tangi la maji lisipande juu kabisa. Tangi la lita 1,000 likijaa ni tani moja, na nyie mnataka kulitwisha boriti zilizokatwa kubeba watu na majamvi. Likae uani, chini, kwa pampu. Na yote hayo yapitie kwa Mamlaka kabla fundi hajainua nyundo. Kibali kinachelewa, ndiyo. Kufuata kibali ni rahisi kuliko kurudisha ukuta.

Kitinda mimba, mwanangu, usinikasirikie. Mama yako hakuikalia nyumba ile kama kaburi la wazee. Alihamisha jiko kutoka uani akalipandisha juu magoti yalipomuuma. Aliziba kidaka kimoja akatia kabati la dawa. Dirisha la kichochoroni lilikuwa dogo, akalipanua ili amwone mtoto wa jirani anaporudi skuli. Ukisema isiguswe, unaikataza kuishi kama alivyoiishi yeye. Kitu kimoja tu nakuunga mkono kwa nguvu zangu zote: mlango. Milango mingi imeshaondoka kisiwani kwa majahazi na makontena. Anayekuja kuulizia mlango tu, mwambieni hauuzwi, na msimuulize bei, maana mkishaijua bei yake mtaanza kuugawa mafungu.

Nawe wa Muscat. Una karo za watoto, najua, na mbali huko pesa ya fungu ni kitu cha kushika mkononi. Kuuza si dhambi. Lakini kuna njia ambayo sijasikia mkiitaja: kuikodisha kwa miaka maalumu, kwa mkataba wa kuandikwa, mpangaji aitengeneze kwa chokaa na kwa kibali, nyumba irudi kwenu. Watu wa namna hiyo wapo, nimewafanyia kazi. Na kama hapana budi kuuza, muuzieni mtu atakayelala humo. Atatoa bei ndogo kidogo. Mimi ningempa.

Jumamosi ya mwisho kabla ya mwezi wa tatu nitakuwa Kiponda tangu asubuhi. Chokaa nimeshaitia maji, imelala kwenye pipa uani tangu Novemba, nimeifunika gunia, na sasa imekuwa laini kama samli iliyoganda. Boriti tatu nimeagiza kwa mwenye mbao, zimelipwa nusu. Mabati mtayaleta nyinyi. Nahitaji mmoja wenu apande kule juu mwenyewe, si fundi wangu, akiondoe kile kiota kwa mikono yake, akimaliza amwage ndoo moja ya maji kwenye mlizamu. Mimi nitakuwa nimesimama kichochoroni natazama yanapotokea.