Aketiye Mezani na Abebaye Sinia



Msafiri atokaye Dar es Salaam kwenda Iringa au Mbeya kwa barabara kuu hupita Mikumi. Barabara hiyo hukata katikati ya Hifadhi ya Taifa iliyoanzishwa mwaka 1964, kwa mwendo wa karibu kilomita 50, na msafiri huweza kuwaona twiga na tembo bila kushuka garini. Kisha hufika mji wa Mikumi, mahali ambapo madereva wa malori hupumzika na abiria hutafuta chakula na kitanda. Katika wilaya hiyo hiyo, upande wa kaskazini, uko mji wa Kilosa, uliozoea wasafiri tangu zamani. Kabla ya reli, misafara ya Bagamoyo kwenda Ujiji ilipita bonde la mto Mkondoa. Ikaja reli ya kati, iliyoanza kujengwa mwaka 1905. Na tangu mwaka 2024 treni ya umeme hupita Kilosa ikielekea Dodoma.

Basi watu wa pande hizo wamekuwa wenyeji wa wageni kwa desturi, na sasa wamekuwa wenyeji wa wageni kwa kazi pia. Wako vijana wao wanaotandika vitanda, wanaopika na wanaoandaa meza katika hoteli na kambi za kitalii za Mikumi. Wako na wengine waliofuata barabara na reli hata Dar es Salaam, wakavaa sare katika hoteli za fahari za mjini. Mambo ni yale yale Arusha, Moshi, Mwanza na Unguja. Kwa hiyo swali letu la leo lazihusu jamaa za Kikristu katika nchi nzima: Mgeni aliyelipa fedha ana haki ya kutazamia nini kwa mtu amhudumiaye, na haki hiyo yakoma wapi?

Kwanza tumpe mgeni haki yake. Mtu aliyelipa gharama kubwa hakosi akitazamia shuka safi, maji ya kuoga, chakula kisichomdhuru, mlango unaofungika, na bei ile ile aliyotajiwa. Nchi za Afrika ya Mashariki huzipanga hoteli kwa nyota, tangu moja hata tano, ili mtu ajue atakachopata kabla hajaingia. Nyota hizo ni ahadi, na ahadi ni deni. Mwenye hoteli apokeaye fedha za nyota tano akatoa huduma ya nyota mbili amemwibia mgeni wake, na amri ya saba yamhusu kama imhusuvyo mwizi wa kuku.

Lakini fedha ya mgeni hununua nini? Hununua kitanda kwa usiku mmoja, na chakula, na kazi ya mikono ya watu kwa saa fulani. Hainunui mtu. Hapo ndipo twaona maneno mengi ya kusikitisha. Mgeni apiga mluzi kumwita mhudumu aliye sawa na mama yake kwa umri. Mwingine amtupia ufunguo kijana wa mapokezi bila kumjibu salamu. Chai ikichelewa kidogo, matusi, na akiulizwa kisa, asema, "Nimelipa!"

Wazee wetu walijua ladha ya maneno hayo. Wakati wa ukoloni, katika hoteli nyingi kubwa za Afrika ya Mashariki, Mwafrika aliingia kwa mlango wa jikoni. Mtu mzima, mwenye mke na watoto, aliitwa "boi," akaitwa kwa kengele au kwa makofi, wala hakuna aliyejali jina alilopewa katika ubatizo. Uhuru ulikuja mwaka 1961. Mwaka 1965 ilifunguliwa Kilimanjaro Hotel mjini Dar es Salaam, ikielekea bandari, nayo yasimama hata leo ingawa imebadili wasimamizi mara kadhaa. Leo mtoto wa mkulima wa Kilosa aweza kuketi katika hoteli ya namna hiyo kwa arusi au kwa semina, akahudumiwa kwa heshima. Twamshukuru Mungu kwa hilo. Walakini wako kati yetu waliokirithi kiti cha mkoloni, wakaurithi na ulimi wake. Yule aliyeitwa "boi" alikuwa babu yao. Sasa wajukuu wake wamwita mjukuu wa jirani kwa mluzi.

Tutazame jinsi Bwana wetu alivyokuwa mgeni. Mtakatifu Luka, katika sura ya saba ya Injili yake, atusimulia habari za Simoni Mfarisayo aliyemwalika Yezu chakulani. Katika nyumba ile mgeni hakupewa maji ya miguu, wala busu la salamu, wala mafuta ya kichwa. Bwana aliyaona hayo yote, na mwisho aliyataja moja moja. Basi kutazamia heshima ya mgeni si dhambi. Lakini angalieni aliyataja lini, na kwa nani, na kwa sababu gani. Hakuyataja alipoingia mlangoni, aliketi akanyamaza. Hakuwageukia watumishi, alisema na mwenye nyumba, aliyekuwa na wajibu, tena uso kwa uso. Wala hakusema kwa ajili ya raha yake mwenyewe. Alisema ili kumtetea mwanamke mwenye kulia ambaye Simoni alimdharau moyoni. Hayo ndiyo malalamiko ya mgeni Mkristu: yana ukweli, yana saa yake, yamfikia anayehusika, na hayamkanyagi mnyonge.

Siku hizi mgeni hana haja hata ya kumwona meneja. Aandika hukumu yake katika simu, na kabla ya jua kutua imesomwa hata ng'ambo. Yafaa kuandika, maana wasafiri wengine huonywa au hushauriwa vema. Lakini maneno hayo yaweza kumwondolea mtu kazi, na pamoja na kazi, ada ya shule ya wadogo zake waliobaki kijijini. Amri ya nane haikuandikwa kwa mahakama tu. Atiaye chumvi katika malalamiko yake ili arudishiwe sehemu ya fedha zake ameshuhudia uongo juu ya jirani yake. Na yule aliyehudumiwa vizuri akanyamaza, amemnyima mfanyakazi sifa iliyo mali yake.

Sasa twasema na wenye hoteli, wakubwa kwa wadogo, tangu mwenye jumba la ghorofa mjini hata mwenye nyumba ya wageni ya vyumba sita kando ya barabara. Wengine wenu twakutana kila Dominika katika Misa Takatifu. Mwawataka watumishi wenu wacheke na wageni. Je, mmewapa sababu ya kucheka? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yaweka saa za kawaida kuwa 45 kwa juma, wala zisizidi 9 kwa siku. Yampa mfanyakazi mapumziko ya saa 24 kila juma, likizo ya siku 28 kwa mwaka, na mama aliyejifungua siku 84 za uzazi. Yataka pia masharti ya kazi yaandikwe. Hayo si hisani ya tajiri. Baba Mtakatifu Leo wa Kumi na Tatu, mwaka 1891, katika barua yake Rerum Novarum, alifundisha ya kuwa mapatano ya mshahara hayatoshi kuwa halali kwa sababu tu maskini ameyakubali kwa shida yake. Mshahara sharti umtoshe mfanyakazi mwenye kiasi aishi. Wala bakshishi si mshahara. Bakshishi ni shukrani ya mgeni. Mshahara ni deni la mwajiri. Amwambiaye mtumishi wake, "Utajilipa kwa wageni," amemfanya mwombaji mwenye sare. Kumbukumbu la Torati, sura ya 24, laamuru kibarua alipwe kabla ya jua kuchwa, asije akamlilia Mungu. Na Mtakatifu Yakobo aonya kwamba ujira uliozuiwa wapiga kelele, na kelele zake zafika masikioni mwa Bwana.

Liko neno jingine zito zaidi. Binti aliyelelewa vema nyumbani kwake apata kazi ya kutandika vyumba. Mgeni tajiri afunga mlango nyuma yake na kutoa noti. Binti akataa, akimbia, aenda kushitaki; naye ajibiwa kwamba asimwudhi mteja. Wenye hoteli, nani atakayejibu mbele ya Mungu kwa neno hilo? Nyumba inayolinda mito na taulo zake isimlinde binti wa watu, hiyo haina nyota hata moja. Na wewe binti, au wewe kijana, jua ya kuwa huduma yako yaishia pale dhambi ianzapo. Kukataa hapo si utovu wa adabu. Ni ushujaa, na Kanisa lina jina la kuwaita waliokataa hivyo hata kufa.

Nanyi watumishi wa hoteli, tunao neno kwenu. Kazi yenu si utumwa, wala msione haya kuitaja kijijini. Lakini tumesikia malalamiko ya haki juu yenu pia. Mgeni wa ng'ambo aingiapo, watu watatu hukimbilia mizigo yake. Mwafrika mwenzenu aingiapo, hutazamwa viatu, kisha huulizwa kama anazijua bei. Someni sura ya pili ya barua ya Mtakatifu Yakobo, habari za tajiri mwenye pete ya dhahabu apewaye kiti kizuri, na maskini aambiwaye asimame pembeni. Mtume aliwakemea Wakristu waliofanya hivyo kanisani. Atawasifu wanaofanya hivyo mapokezini? Rudisheni kilichosahauliwa chumbani. Hesabuni chenji sawasawa. Msalimieni dereva wa lori kama mmsalimuvyo waziri.

Mtakatifu Benedikto, ambaye watoto wake wa Peramiho na Ndanda twawajua, aliandika katika sura ya 53 ya Kanuni yake ya kuwa wageni wote wapokewe kama Kristu mwenyewe, na bidii kubwa zaidi itumike kwa maskini na mahujaji, kwa maana matajiri hujipatia heshima kwa kuogopwa tu. Karne nyingi zimepita, na maneno hayo yangefaa kutundikwa mlangoni pa kila hoteli.

Kilosa walijifunza somo hilo kwa uchungu. Mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa 2010 mto Mkondoa ulivunja kingo zake, ukaharibu reli na kuwaacha maelfu ya watu bila makao. Waliokuwa wenyeji jioni waliamka wakiwa wageni, wakalala katika shule na mahema. Siku kama hizo hakuna aulizaye hoteli ya nyota ngapi. Mwenye mkeka huukunjua. Ukarimu wa namna hiyo ndio mama. Ukarimu wa hoteli ni binti yake tu, na binti akimsahau mama hubaki na sare bila moyo.

Ndiyo maana twawageukia wazazi. Mtoto hajifunzi kumheshimu mhudumu kwa kupelekwa hotelini. Hujifunza nyumbani, akisikia jinsi baba na mama wanavyosema na msichana wa kazi. Je, msichana huyo aitwa kwa jina lake? Hula chakula kile kile? Hupata saa ya kwenda Misa na ya kupumzika? Hulipwa mwisho wa mwezi bila kukumbusha? Nyumba ambayo msichana wa kazi hula makombo jikoni itazaa mgeni wa kupiga mluzi. Nyumba ambayo huambiwa "asante" na "pole kwa kazi" itazaa mgeni ambaye wahudumu watamwombea heri.

Yafuatayo si magumu. Ukifika hotelini, msalimie wa kwanza utakayemwona, umwulize jina. Ukikosa haki yako, mwambie anayehusika, kwa upole na kwa kweli. Ukiondoka, usiache chumba kama zizi kwa kuwa umelipa. Mtu mwenye mgongo atainama kukifagia. Na kama unacho cha kumpa, mpe mkononi na kwa shukrani, usimtupie.

Wahenga walisema: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Sisi Wakristu twazoea kufikiri kwamba Kristu ni yule mgeni abishaye mlangoni, nayo ni kweli, maana siku ya hukumu atatuuliza kama tulimkaribisha. Lakini usiku ule wa karamu ya mwisho yeye mwenyewe alivua vazi, akajifunga kitambaa, akawaosha miguu Mitume wake, akawaambia kwamba yu kati yao kama mtumishi. Basi yuko pande zote mbili za meza. Huyo abebaye sinia, ambaye hukumtazama uso, ndiye atakayekuuliza siku ile ulimjibuje alipokuambia, "Karibu."