Kumpeleka Mke Hotelini: Ni Uzungu?

Tumeletewa suala na kijana mmoja wa mji wetu ambaye kazi yake iko Malili, huko Ukambani, katika mji mpya wa Konza unaojengwa juu ya eka 5,000 ambazo serikali ilizinunua mwaka 2009 kutoka kwa wenye shamba la Malili, na ambao Rais Mwai Kibaki aliuwekea jiwe la msingi Januari 2013. Kijana huyu amemchukua mkewe wakae pamoja huko bara. Jioni moja, ilipotimia miaka mitano ya ndoa yao, walimwacha mtoto kwa jirani wakaenda hoteli moja ya kifakhari kando ya barabara kuu ya Mombasa na Nairobi, wakala wawili peke yao, meza ina kitambaa cheupe na mshumaa. Khabari ikafika pwani usiku ule ule, kwani mke mwenyewe alimpelekea dada yake picha kwa simu. Jamaa wakasema kijana ameingia Uzungu, mke anatolewa usiku akaonyeshwe watu. Mamake kijana amenuna. Naye anauliza: je, nimefanya haramu?

Sitaficha kwamba nilipoisoma barua yake nilishika kalamu kwa nia ya kumkaripia. Nilikuwa nimekwisha andika mistari mitatu juu ya kujifananisha na wasio Waislamu, ndipo nikaikumbuka khabari ya jirani wa Mtume (S.A.W.), nikaifuta.

Imam Muslim amepokea kwa Anas (R.A.) kwamba Mtume alikuwa na jirani Mfursi, hodari wa kupika mchuzi. Siku moja akapika, akaja kumwalika. Mtume akamuashiria Bibi Aisha, akauliza kama naye amealikwa. Jirani akasema la. Mtume naye akakataa kwenda. Akaja mara ya pili, ikawa vile vile. Mara ya tatu jirani akakubali, na hapo wakainuka wote wawili, wakafuatana mpaka nyumbani kwake. Enyi ndugu, hebu tujiulize: katika karamu zote tulizoalikwa katika umri wetu, ni nani kati yetu aliyepata kumwuliza mwenye karamu khabari za mkewe?

Watasema, desturi yetu ni waume kula sebuleni na wake kula jikoni. Kweli, na si dhambi. Katika Suratun Nur, aya ya 61, Mwenyezi Mungu ametuondolea ubaya tukila pamoja au tukila mbali mbali. Lakini sisi tumefanya nini? Katika mambo mawili aliyoyaruhusu Mola, moja tumeligeuza faradhi, na la pili tumeligeuza aibu, kisha tukaiita aibu ile dini. Marehemu Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyeanza kutoa gazeti la Al-Islah Mombasa mwaka 1932, alituonya tusiwaige Wazungu katika maovu yao, wala hakutuzuia kulichukua jema popote lilipo. Na kula na mke hatukufunzwa na Wazungu. Mshumaa si msalaba.

Yako mambo ambayo ni haki kumwuliza kijana huyu, nasi tumemwuliza. Nyama ya huko imechinjwa na nani? Amejibu kwamba hawakupata wa kuwathibitishia, basi wakala samaki. Pombe je? Haikuwako mezani pao, bali meza za jirani zilikuwa nayo. Hadithi aliyoipokea Tirmidhi inakataza kuketi kwenye meza inayopitishwa pombe, na meza yake haikupitishwa. Walakini twamwambia, akipata mahali pasipouzwa kabisa, ndipo pamfaapo yeye na mkewe. Mke alikuwa na stara yake. Na fedha ilikuwa yake mwenyewe, aliyoiweka kidogo kidogo. Ama yule anayekopa kwa simu, na deni lina riba, ili mkewe apigwe picha mbele ya sahani, huyo amekula moto, hata kama chakula kilikuwa halali.

Wanaosema ni israfu wakumbuke khabari ya Saad bin Abi Waqqas (R.A.). Alipokuwa mgonjwa Makka akamtaka Mtume shauri juu ya kuusia mali yake, aliambiwa kuwa kila anachokitoa kwa ajili ya Mungu ana thawabu, hata tonge anayoitia kinywani mwa mkewe.

Lakini katika barua ile liko neno moja ambalo kijana aliliandika kwa kupita tu, nami limenikaa. Anasema pale mezani mkewe alimwambia kwamba tangu afike Malili hana mtu wa kusema naye kuanzia alfajiri, mumewe anapotoka, mpaka magharibi, na kwamba ziko siku analia akiusikia mtoto wa jirani ukiitwa na mamake. Kijana anasema hakuwa akijua. Miaka mitano wamelala chumba kimoja! Mola ametuamrisha katika Suratun Nisaa, aya ya 19, tukae na wake zetu kwa wema. Na mtu atamfanyiaje wema yule asiyejua linalomliza?

Nami nisijitoe. Nyumbani kwangu, mimi na mama watoto hukaa kwenye sinia moja usiku wa daku tu, katika Ramadhani. Miezi kumi na mmoja iliyobaki ananiletea chakula, anageuka, anakwenda zake. Sijui ana lipi la kuniambia, kwa kuwa sijamkalia akaniambia.

Basi jawabu letu ni kwamba hakufanya haramu, kwa sharti tulizozitaja. Ama mamake, asimpelekee fatwa hii kwa simu kama mtu aliyeshinda kesi. Aje naye mkewe siku za mapumziko, wamnunulie mama samaki amtakaye, mke ampike, kisha waketi watatu kwenye mkeka mmoja. Na kijana amwache mkewe aseme.

Wallahu aalam.