Kabla ya Kusema "Siku Yake Imefika"

Katika wodi ya wazazi, hapa Tanga, kadari hutajwa kuliko dawa. Mzazi wa siku ya tatu anaanza kutetemeka, anakataa uji, na shangazi yake ananiambia kwa upole, "Mwanangu, siku ikifika imefika." Mimi ni Mwislamu; naamini kadari, kheri yake na shari yake. Ninachokipinga ni kuitaja mapema.

Ugonjwa ninaouhofia hapo ni sepsisi: mwili unapambana na maambukizi mpaka unaanza kujidhuru wenyewe. Presha inashuka, mkojo unapungua, akili inayumba. Hata wataalamu walioandika upya maana yake mwaka 2016 hawakuwa na kipimo kimoja cha maabara cha kukata shauri. Joto nalo halitoshi, maana wapo wanaopoa badala ya kuchemka. Mwanzo wake husomwa kwa macho, mikono na saa.

Pumzi mara nyingi hutangulia kubadilika. Mtu mzima aliyetulia hupumua kati ya mara 12 na 20 kwa dakika. Akifika 22, nasimama kitandani kwake. Lakini ukifungua chati utakuta 20, kitanda kinachofuata 20, na kingine 20. Hakuna wodi inayopumua hivyo. Namba hiyo imeandikwa bila kuhesabiwa. Kuhesabu kunataka dakika nzima. Naushika mkono wa mgonjwa kama ninayepima mapigo, nauacha ulale juu ya kifua chake, macho yangu kwenye mshale wa sekunde, kwa sababu akijua anatazamwa pumzi hubadilika. Kisha nabonyeza ukucha mpaka uwe mweupe, nione damu inarudi baada ya muda gani. Zikipita sekunde 3, namwita daktari wa zamu. Na kabla sijaondoka namuuliza anayemuuguza: leo anakujibu kama jana? Mama aliyeniambia, "Nesi, mwanangu kaniita jina la dada yake marehemu," alikuwa ameiona hatari kabla ya mashine yoyote.

Anayesema "amri ya Mungu" wakati pumzi hizo hazijahesabiwa anadai kuijua ghaibu. Kilichoandikwa amekisoma wapi?

Khalifa Umar alikuwa njiani kwenda Shamu alipopata habari kwamba kuna tauni, akageuza msafara. Sahaba mwenzake, Abu Ubayda, akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu. Maana ya jibu la Umar ni kwamba wanaitoka kadari ya Mungu kuiendea kadari yake nyingine. Abu Ubayda baadaye alifariki kwa tauni hiyohiyo, na sithubutu kuipima imani yake. Ninachokishika katika kisa hiki ni kwamba Umar alifikiwa na habari. Habari ikishafika, mtu hawezi tena kujificha nyuma ya asichokijua. Pumzi 28 kwa dakika ni habari.

Nasi wenye sare tuna namna yetu ya kuikwepa: tunaharakisha jibu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013, wa wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa kaskazini mwa Tanzania, ulionyesha kwamba zaidi ya nusu waliandikiwa malaria, ilhali walioumwa malaria kweli walikuwa 14. Aliyeandika "malaria" bila kuangalia zaidi na aliyesema "siku yake" naona wametenda kosa la aina moja, wote wameacha kutazama. Hata juhudi inataka kutazamwa. Mwaka 2011 ilibainika, kwa watoto wa Kenya, Uganda na Tanzania wenye homa kali na damu isiyozunguka vizuri, kwamba kuwamiminia maji ya dripu kwa kasi kuliongeza vifo. Waliokuwa wakifanya hivyo walikusudia mema.

Wapo wanaopata kila kitu kwa wakati: damu inapelekwa maabara, antibayotiki inaingia ndani ya saa ya kwanza, mabaki ya kondo yanaondolewa, na bado wanafariki. Hapo nami husema ni kadari, na huisema kwa moyo wote. Mama wa marehemu akiniuliza kama tulifanya yote, nataka niweze kuifungua chati mbele yake na kumsomea saa baada ya saa, kila namba ikiwa imehesabiwa.