Kitabu Kisichosomwa ni cha Nani?

Rundo la vitabu vinavyosubiri kusomwa hukuzwa na mazungumzo zaidi kuliko fedha. Msomaji akimtajia mwenzake kitabu alicho nacho mkononi, yule wa pili huondoka na jina jipya kichwani. Akikipata kitabu chenye jina hilo, hukinunua, hukilaza juu ya vingine, na zamu yake haifiki upesi.

Huko Simi-Simi, magharibi mwa mji wa Kisangani, kwenye ukingo wa kulia wa mto Kongo, jambo hili lina uzito wake. Kutoka Kinshasa hadi Kisangani kwa mto ni safari ya zaidi ya kilomita 1,700. Kitabu kilichofika huko kimefika kwa taabu, na nakala ya pili huenda haimo mjini. Je, aliyekinunua na hajakisoma ana haki ya kukizuia, huku jirani yake yu tayari kukisoma leo?

Augustino wa Hippo, mwanzoni mwa kitabu chake kuhusu mafundisho ya Kikristo, alieleza kwamba kitu kisichopungua kikitolewa bado hakijamilikiwa ipasavyo na mtu anayekishika bila kukitoa. Kwa elimu, hoja hiyo haina jibu la kuipinga. Karatasi ni jambo lingine. Kisangani iko karibu nusu digrii kaskazini mwa ikweta, na hakuna mwezi unaopita bila mvua. Unyevu huvimbisha kurasa, kuvu huzitia madoa, mchwa humaliza kazi. Basi katika kitabu kimoja mna vitu viwili: maneno yasiyopungua, na karatasi inayooza hata ikiachwa bila kuguswa. Anayesimulia anachosoma hutoa cha kwanza bila hasara yoyote. Anayeazima hutoa na cha pili, na hapo ndipo hofu huanzia. Kiswahili chenyewe hutumia neno hilo moja, kuazima, kwa anayetoa na kwa anayepokea, kana kwamba wote wawili wamebeba mzigo mmoja.

Wanasheria wa Kiislamu waliutazama mzigo huo kwa makini. Kitu kilichoazimwa huitwa ariya. Kwa madhehebu ya Hanafi, kiko kwa aliyekipokea kama amana: kikiharibika bila uzembe wake, halipi. Kwa Shafii, madhehebu ya Waislamu wengi wa pwani ya Waswahili, hulipa hata kama hakuzembea, isipokuwa uharibifu umetokana na matumizi aliyoruhusiwa. Ukurasa uliochakaa kwa kufunuliwa ni sehemu ya kusoma. Kitabu kilichonyeshewa njiani juu ya toleka, baiskeli ya abiria ya Kisangani, ni deni. Wakfu ulikwenda mbali zaidi. Hati nyingi za Msikiti wa Riyadha, Lamu, zina maandishi ya wakfu, na mali ya wakfu haiuzwi wala hairithiwi. Mwenye kitabu alikiondoa katika umiliki wake ili wasomaji wasikatike.

Seneca wa Roma aliwalaumu watu waliokusanya vitabu wasivyovifungua, akashauri kushikamana na waandishi wachache. Lawama hiyo ni ya haki kwa nusu tu. Orodha ya majina ya vitabu inaweza kurefuka bila kumdhulumu mtu; ni kumbukumbu ya waliozungumza, kwa kuwa nyuma ya kila jina yuko aliyelitaja. Rundo la karatasi ndilo linalodaiwa. Kila kitabu kinacholala humo kinamnyima mtu fulani, na mara nyingi mtu huyo anajulikana, kwa sababu alishakiulizia.

Patrice Lumumba alikuwa karani wa posta mjini Kisangani, ulipoitwa Stanleyville, na nje ya masomo ya kawaida aliwapenda Rousseau, Voltaire, Molière na Hugo. Kitabu chake mwenyewe kuhusu mustakabali wa Kongo, alichokiandika katikati ya miaka ya 1950, kilichapishwa Brussels mwaka 1961, baada ya kuuawa kwake tarehe 17 Januari mwaka huo. Wasomaji wake wa kwanza hawakuweza tena kumjibu. Kumbe kuchelewa kusoma nako kuna gharama, na aliyeweka kitabu kando huenda asijue kamwe imelipwa na nani.

Mnamo Juni 2000 majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana ndani ya Kisangani kwa siku sita. Tathmini ya Umoja wa Mataifa ilihesabu nyumba zaidi ya 4,000 zilizoharibiwa na shule 69 zilizopigwa mabomu. Katika mji wa namna hiyo, vitabu vilivyokusanywa chini ya paa moja hupotea pamoja na paa hilo. Vilivyotawanyika kwa wasomaji huwa chini ya mapaa mengi.