Shukrani ya Mkata Mkonge
Kilole, kata ya mji wa Korogwe, imo katika nchi ya mkonge, zao lililoletwa Tanganyika na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893. Mkata mkonge hurauka, hushinda na miiba, na akiulizwa hali hujibu, “Alhamdulillahi.”

Je, huko si kuibariki dhiki?

Imamu Ghazali, mwanazuoni wa Kiislamu aliyefariki mwaka 1111, aliijenga shukrani juu ya nguzo tatu: kuijua neema, kuifurahia na kuitumia ipasavyo. Ya tatu ndiyo nzito, na wahubiri wengi huiruka. Mikono ni neema, na kuilinda ni sehemu ya kuitumia ipasavyo. Anayedai glovu na ujira wa haki hajakufuru. Vibarua wa mkonge waligoma miaka ya 1950, na kugoma si kuacha kusali.