Uzuri wa Bunduki na Hesabu ya Mwenyewe

Mwaka 1909 Theodore Roosevelt, akiwa ametoka tu kwa urais wa Marekani, alishuka Mombasa kuja kuwinda. Alibeba bunduki ya mitutu miwili ya Holland & Holland ya London, zawadi ya marafiki Waingereza. Baadaye ikawekwa makumbusho kule Louisville, Kentucky, watu wakaenda kuistaajabia.

Je, ni dhambi kuvutiwa nayo? Hapana. Ustadi ni karama. Mungu mwenyewe ndiye alimpa Bezaleli ujuzi wa kuchonga (Kutoka 31). Lakini tuseme ukweli. Katika safari ile, Roosevelt na mwanawe Kermit waliua wanyama 512. Ndiyo, wengi walipelekwa makumbusho ya Smithsonian kwa ajili ya elimu. Bado ni damu.

Anayesifu chuma kinavyong'aa bila kuuliza kilifanya kazi gani ameona nusu tu. Nawe una shamba, gari, pengine saa ya babu. Furahia, si ubaya. Lakini uliza: kilipatikanaje, na kinamtumikia nani? Fundi ana sifa yake. Mwenye mali atatoa hesabu.