KIVULI KILICHORUDI NYUMA

(Masomo: Isaya 38 na 39, 2 Mambo ya Nyakati 32:24–31)



Mhariri wa jarida letu ameniomba neno la kutuandaa kwa Kwaresima. Safari hii nataka kuanzia mahali ambapo huenda wengi hamkutazamia, yaani juu angani, kwenye sayari ndogo iitwayo Utaridi.

Wazee wengi wa mtaa huu hawana habari nayo. Vijana wanayo. Wanasoma katika simu zao kwamba mara tatu au nne kila mwaka, kwa muda wa majuma matatu hivi, Utaridi hurudi nyuma, na kwamba katika majuma hayo ujumbe hupotea, mashine huharibika, wachumba hugombana, na mkataba haufai kutiwa sahihi. Hayo ya mashine na mikataba tuyaache kwanza. Liko neno la pili wanalosema, nalo lastahili kujibiwa kwa heshima. Wanasema majuma hayo ni wakati mwema wa mtu kutulia na kujichunguza, kutazama alikotoka, na kukumbuka ahadi alizoziacha njiani na watu aliokosana nao.

Binti mmoja, muuguzi, mshiriki mwaminifu wa Meza ya Bwana, alinieleza waziwazi baada ya Misa. "Padre, mimi siamini kwamba sayari inanitawala. Ila inanikumbusha. Ikirudi nyuma, nami nakaa na daftari langu nijitazame." Nikamwuliza, "Na Kwaresima, mwanangu, haikukumbushi?" Akacheka. "Kwaresima tunaambiwa tuache nyama, Padre. Hatuambiwi tukae na daftari." Wazee wa kanisa nao walisikie jibu hilo.

Basi tusimcheke. Babu zetu walitazama juu pia, wala hawakuwa wapumbavu. Kile kikundi cha nyota kiitwacho Kilimia kilipata jina lake kutokana na kulima. Wazee wa pwani walisema kikizama wakati wa jua huzuka wakati wa mvua, na mkulima alipokiona alijua ni wakati wa kutafuta jembe lake. Kilimia hakikumlimia mtu hata tuta moja. Kilimkumbusha tu. Na Biblia yetu ya Kiswahili haikuona haya kulitumia jina hilohilo: tafuteni katika Ayubu 38 na Amosi 5, mtamkuta Kilimia pale, na nabii akituelekeza kwa Yule aliyekifanya.

Tena Kanisa lenyewe hutazama mwezi. Wangapi kati yetu wanajua kwa nini Pasaka huhamahama? Mtaguso wa Nikea wa mwaka 325 ulikubaliana kwamba Wakristo wote waiadhimishe siku moja, na kanuni tuliyoipokea ni kwamba Pasaka ni Jumapili inayofuata mwezi mpevu ule unaoangukia tarehe 21 Machi au baada yake. Mwaka 2025 mwezi huo ulipevuka tarehe 13 Aprili, nayo ilikuwa Jumapili ya Matawi, basi Pasaka ikawa tarehe 20. Ukihesabu kurudi nyuma kutoka hapo unafika Jumatano ya Majivu, tarehe 5 Machi. Kwa hiyo siku zote arobaini za kujichunguza kwetu zimefungwa kwenye mwendo wa mwezi. Na ikatokea mwaka huohuo kwamba Utaridi nayo ilionekana kurudi nyuma kuanzia katikati ya Machi hadi juma la kwanza la Aprili, ndani ya Kwaresima ileile. Binti yetu alikuwa na kengele mbili zikimlilia kwa pamoja. Kengele ya kanisa haisali kwa niaba ya mtu, lakini hakuna anayesema tuishushe mnarani.

Hata hivyo yako mambo mawili yanayovaa nguo moja, nasi yatupasa kuyatenga. Kukumbushwa ni jambo moja. Kutabiriwa ni jingine, na hilo Neno la Mungu limelikataza bila kuficha, katika Kumbukumbu la Torati 18 na tena katika Isaya 47, ambapo nabii anawadhihaki watazama nyota wa Babeli wasioweza kujiokoa wenyewe na moto. Na hapa kwetu limezaliwa la tatu, baya kuliko yote mawili. Mmeyaona mabango yaliyopigiliwa misumari kwenye miti ya barabarani, ya waganga wanaoahidi kusafisha nyota. Wako hata wahubiri wanaomwambia mtu kwamba nyota yake imeibiwa, kisha wanamsaidia kumtafuta mwizi. Na mwizi, ajabu, kila mara ni shangazi au mke wa kaka, au jirani mzee asiye na mtu wa kumtetea. Mtu aliyekwenda kuuliza kwa nini maisha yake hayaendelei anarudi nyumbani na jina la mtu wa kumchukia. Badala ya kujichunguza, anamchunguza shangazi. Nimezika wazee waliokufa bila kuamkiwa na watoto wa ndugu zao kwa sababu ya maneno kama hayo. Ukilinganisha na hayo, daftari la yule muuguzi ni jambo la kushukuru.

Lakini sijamaliza naye.

Utaridi hairudi nyuma. Inalizunguka jua kwa siku 88, na sisi tulio duniani kwa siku 365 na robo, sote tukielekea upande mmoja. Kila baada ya siku 116 hivi inatupita kwa ndani, kati yetu na jua, na hapo ndipo inapoonekana kwenda kinyume. Ukitaka kuelewa, mwambie mtoto akimbie kuuzunguka mwembe, nawe simama kando utazame. Akiwa upande wa mbali utamwona anakwenda kulia. Akija upande wako utamwona anakwenda kushoto. Mtoto hakugeuka hata mara moja. Anakimbia vilevile alivyoanza, ila macho yako yamekuonyesha kugeuka ambako hakukuwako.

Ndugu zangu, mmekwisha kuona ninakokwenda. Inawezekana mtu naye akaonekana amegeuka, akaonekana hata na nafsi yake mwenyewe, kumbe anakimbia vilevile kuuzunguka mti uleule.

Hebu tumtazame mfalme Hezekia. Yeye hakuona sayari ikirudi nyuma kwa macho tu. Alipewa ishara kweli. Aliugua jipu karibu ya kufa, na Isaya akaja kumwambia atengeneze mambo ya nyumba yake. Akaugeuza uso wake ukutani, akasali, akalia sana. Mungu akamwongezea miaka kumi na mitano, na ili awe na hakika, kivuli kilichokuwa kimekwisha kushuka kwenye madaraja ya Ahazi kikarudi nyuma madaraja kumi. Wakamwekea mkate wa tini juu ya jipu, akapona. Isomeni sura ya 38 yote kwa makini, maana baada ya kupona Hezekia alifanya jambo ambalo vijana wetu wangelipenda. Alikaa akaandika. Maandishi yake yamo humo, na ni mazuri: anajitazama bila kujidanganya, anakumbuka alivyolia kama njiwa, anakiri kwamba Mungu amezitupa dhambi zake nyuma ya mgongo Wake, tena anaahidi kwamba tangu sasa atakwenda polepole miaka yake yote, kwa ajili ya uchungu alioupata rohoni. Daftari la nani lilipata kuandikwa vizuri zaidi?

Kisha fungueni sura ya 39. Wageni wamefika kutoka Babeli, wametumwa na mfalme Merodak-Baladani, wamebeba barua na zawadi. Isaya anasema mfalme wao alisikia kwamba Hezekia alikuwa mgonjwa, naye amepona. Kitabu cha Mambo ya Nyakati kinaongeza sababu nyingine: wamekuja kuuliza habari za ile ajabu iliyotokea katika nchi. Kumbukeni Babeli ilikuwa nini. Ni watu walioandika mienendo ya sayari juu ya vibao vya udongo, karne baada ya karne. Zile nyota kumi na mbili mnazozisoma magazetini asili yake ni kwao. Si ajabu kwamba habari ya kivuli kilichorudi nyuma iliwafikisha Yerusalemu. Hata sisi hupenda ajabu za juu: tarehe 1 Septemba 2016, jua lilipopatwa likabaki pete, watu walisafiri hadi Rujewa, mkoani Mbeya, kwenda kuona tu.

Hapo basi palikuwa na nafasi ya Hezekia. Watu wenye kuujua mwendo wa mbingu kuliko mataifa yote wameketi sebuleni kwake, wanauliza ni nani aliyekirudisha kivuli. Naye akawaonyesha nini? Akawaonyesha fedha. Akawaonyesha dhahabu, na manukato, na mafuta ya thamani, na nyumba ya silaha. Hapakuwa na kitu katika nyumba yake, inasema Biblia, wala katika ufalme wake wote, ambacho hakuwaonyesha. Mambo ya Nyakati yanasema kwamba katika jambo hilo Mungu alimwacha, ili amjaribu, yajulikane yote yaliyomo moyoni mwake.

Yaani kujichunguza kwa kweli kwa Hezekia hakukufanyika kitandani akiwa na kalamu. Kulifanyika sebuleni, mbele ya wageni, alipokuwa hafikirii kwamba anachunguzwa.

Isaya akaja kwa maswali yake mafupi. Watu hawa walisema nini? Walitoka wapi? Wameona nini nyumbani mwako? Mimi nadhani maswali hayo matatu yatosha kwa Kwaresima nzima. Kisha akamwambia kwamba siku zinakuja ambapo vyote hivyo vitachukuliwa Babeli, na wanawe pamoja navyo. Na Hezekia, yule mwenye kuandika maneno mazuri, akajibu kwamba neno hilo ni jema, kwa kuwa katika siku zake yeye kutakuwa na amani. Watoto watajijua! Mambo ya Nyakati yanashuhudia kwamba alijinyenyekeza baadaye kwa kiburi chake, nasi tusimnyime sifa hiyo. Lakini neno lake lile limeandikwa, na kila ninapolisoma nafikiri juu ya baba mwenye nyumba anayeuza shamba la ukoo ili yeye aishi vizuri miaka iliyombakia.

Linganisheni na Zakayo. Hakuna nyota katika habari zake, wala hatusikii kwamba aliandika chochote kuhusu hali ya roho yake. Alipanda mkuyu, akashuka, akataja hesabu: nusu kwa maskini, na kila aliyedhulumiwa kurudishiwa mara nne. Palikuwa na watu Yeriko waliopokea fedha mikononi mwao kwa sababu mtu mmoja aligeuka.

Kwa hiyo, mwanangu wa daftari, endelea. Utaridi ikikukumbusha, kumbuka. Kilimia kiliwakumbusha babu zako. Ila tazama kilichoandikwa humo. Kama kurasa zote ni mimi, mimi, jinsi nilivyoumizwa, jinsi ninavyohitaji kupumzika na watu wanaonichosha, basi mtoto bado anauzunguka mwembe. Andika majina. Andika kiasi cha deni na tarehe uliyoahidi kulipa. Andika jina la mgonjwa uliyemkaripia zamu ya usiku kwa kuwa ulikuwa umechoka, naye hakuwa na nguvu ya kukujibu. Na majuma matatu yakiisha, usingoje Utaridi irudi tena mwezi wa saba ndipo uyafungue majina hayohayo.

Wengine watauliza juu ya Zohali, maana nayo inatajwa sana. Huchukua miaka ipatayo 29 na nusu kulizunguka jua, ndiyo maana vijana wanaokaribia miaka 30 huambiwa kwamba imewarudia na kuwadai hesabu. Mtu wa miaka 30 ana sababu nyingi za kujiuliza anakwenda wapi, hata bila Zohali. Mama yake amekwisha kumwuliza.

Katika Kwaresima, Mungu akipenda, nitakuwa kanisani kila Ijumaa tangu saa kumi alasiri hadi saa kumi na mbili jioni, kwa wanaotaka kuungama, au kuzungumza tu. Mwenye ugomvi na ndugu yake na aje naye ikiwezekana. Benchi la nyuma linakalika watu wanne. Walioambiwa kwamba nyota zao zimeibiwa nawakaribisha pia, pamoja na hao shangazi. Na wenye madaftari wayalete.

Ni mimi ndugu yenu katika Kristo,
Padre wa Mtaa